Sentensi ya Bwana Magodoro

Machi 6. Kina: 1.10

Mvua ya kwanza leo. Daftari hili ni la kituo. Yaliletwa kumi, tukatumia tisa, la kumi likabaki kabatini linatafunwa na mende, nikalichukua. Lina safu tatu: tarehe, kina cha kisima, maelezo. Kina nitaendelea kukiandika, kwa sababu miaka kumi na tisa kwenye kituo cha kusukuma maji taka imenifanya nisiweze kuandika tarehe bila kuandika mavi yamefika wapi. Mstari mwekundu kwenye ukuta wa kisima uko mita 3.20. Yakiupita, yanarudi majumbani kwa wenyewe kwa njia ile ile yaliyojia. Safu ya maelezo naifanya yangu.

Maelezo: mume wangu ameosha mabuti yangu tena bila glavu.

Machi 7. Kina: 1.15

Manyunyu. Glavu bado ziko msumarini.

Machi 9. Kina: 1.30

Mtu akilisoma hili atadhani nina wazimu wa glavu, basi nieleze.

Jioni nikirudi kazini navua mabuti mlango wa nyuma, penye bomba. Mume wangu anayachukua, anachuchumaa, anapaka sabuni, anasugua. Mikono mitupu. Yaliyonasa kwenye meno ya soli anayachokonoa kwa ukucha. Mimi najua ni nini kile, nimeshinda nacho tangu asubuhi nikikivuta kwa reki. Nilimnunulia glavu za njano zinazofika kiwikoni, nikazitundika msumarini juu ya bomba. Huu ni mwezi wa nane tangu nizinunue, na hata kwenye nailoni yake hajazitoa. Nikimwambia, "Vaa glavu," ananijibu, "Nitavaa, bibie," kwa ule upole wake wa kumaliza mazungumzo. Kisha tunakaa mezani na vidole vile vile vinakata mkate. Amenawa, ndiyo, nimemwona akinawa. Lakini na ukucha nao niliuona.

Ni mpima ardhi mstaafu. Miaka thelathini na moja alichora mipaka ya viwanja vya watu, na anasema mipaka yote hiyo aliichora karatasini, ardhini hakuwahi kuukuta hata mmoja. Udongo wa kiwanja hiki na wa kile haujui kama umegawanywa. Angeishia hapo ningemwona mtu mwenye akili. Lakini akaendelea. Hakuna mpaka kati ya udongo na mti, hakuna kati ya mti na mtu, na mwisho wa safari akafika kwamba hakuna mpaka kati ya vitu na Mungu. "Kila kitu ni Mungu, bibie. Sisemi yumo ndani yake. Ndicho." Asubuhi anaiambia birika ahsante. Akikigonga kiti anakiomba radhi. Juzi nilimkuta bafuni anamwomba mende apishe.

Ndoa ya miaka ishirini na sita. Nimezoea mengi. Ukucha ule sijauzoea.

Machi 10. Kina: 1.30

Nimekwenda kwenye ibada, yeye amebaki kusalimiana na maua. Nimesema maneno yote na nimeimba. Sijaamini hata moja tangu mwaka wangu wa nne kazini. Hakukuwa na kisa. Nilikuwa navuta reki, nikagundua kwamba imani imeshazima siku nyingi, kama unavyogundua pampu imenyamaza na hukumbuki ilinyamaza saa ngapi. Hakuna anayejua. Akina mama wananisifu sauti.

Machi 14. Kina: 1.55

Ugeni leo. Binti yetu, mwalimu wa watoto wadogo, anaolewa mwezi wa tano, na baba wa mchumba amekuja kupanga mambo. Ana maduka matatu ya magodoro na kiwanda kidogo cha kuyakata, kule mtaa wa bondeni. Mimi namwita Bwana Magodoro. Nyumbani kwake hata makochi hayajavuliwa nailoni, ukikaa unateleza na ukitoka jasho unagandia.

Akafungua kikao kwa sala. Sala ndefu, chai ikapoa. Tukazungumza vizuri, tarehe, ukumbi, wageni. Mwishoni, kwa heshima, akamwomba mume wangu afunge.

Mume wangu akasimama. "Ahsante chai," akasema. "Ahsante meza. Ahsante mvua, leo unagonga bati vizuri. Ahsante mzazi mwenzangu na upara wako, unatuangazia wote." Akakaa.

Binti yangu akawa anaitazama sakafu. Mchumba akajikohoza kuficha kicheko, nikampenda kidogo kwa hilo.

"Na Mungu je?" Bwana Magodoro akauliza. "Hukumtaja."

"Nimemtaja mara nne."

"Hebu nielewe. Hii meza ndiyo Mungu?"

"Meza haina mahali pa kukaa nje ya Mungu."

"Sijauliza inakaa wapi, mzazi mwenzangu. Nimeuliza ndiyo au siyo."

"Ndiyo," akasema mume wangu.

Bwana Magodoro akakisogeza kikombe chake mbele, kama mtu aliyeona nywele ndani. "Basi wewe huna Mungu," akasema. "Una fanicha."

Wameondoka bila kumaliza keki. Binti amejifungia chumbani. Mume wangu ameosha vikombe, kila kimoja na salamu zake. Kilichonichefua kuliko vyote ni kwamba, katika watu watano pale mezani, mimi nilikuwa upande wa Bwana Magodoro. Mtu simpendi, makochi yake siyapendi, na amesema kweli tupu.

Machi 15. Kina: 1.60

Hakuna anayeongea na mwenzake. Birika tu ndiyo inayoongeleshwa.

Machi 18. Kina: 1.75

Mchumba ameleta bahasha kutoka kwa baba yake. Karatasi ya duka, ina picha ya godoro juu. Siku ya kutangaza ndoa mbele ya waumini, Aprili 20, mume wangu asimame aseme hivi:

"Naamini kwamba yuko Mungu mmoja aliyeumba vyote, na kwamba yeye si chochote katika hivyo alivyoviumba, wala hivyo si yeye."

Asiposema, ndoa hakuna. "Mwanangu haoi katika nyumba isiyo na Mungu." Mchumba alitusomea hilo huku masikio yamemwiva kwa aibu. Anampenda binti yetu, lakini anafanya kazi duka la baba yake na analala chini ya paa la baba yake.

Lazima nikiri kwamba Bwana Magodoro si mjinga. Angemtaka mume wangu aseme "naamini" tu, mume wangu angesema, na moyoni angekuwa anaiwaza meza. Kaona mbali. Kaziba tundu zote.

"Ni neno moja tu, Baba," binti akasema.

"Ni maneno kumi na tisa," mume wangu akajibu, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, anaisoma karatasi kama alivyokuwa akisoma ramani. "Anataka nichore mpaka, mwanangu. Anautaka hapa hapa, kati ya Mungu na vitu."

"Si umechora maelfu?"

"Nilijua ni ya karatasini. Huu anataka niseme upo."

Machi 19. Kina: 1.75

Nimeisema ile sentensi siku nzima nikivuta reki. Mvuto wa kumi nilikuwa nimeikariri. Mwenzangu wa zamu akaniuliza naimba nini. Tunamwita Pua, kwa sababu hana. Alipigwa na homa utotoni na tangu hapo hasikii harufu ya kitu chochote. Kituo kizima kinamwonea wivu.

Machi 22. Kina: 2.00

Nimempa vidonge vyake leo. Sijutii.

Ilianza na mabuti. Nikamwambia avae glavu, akasema atavaa, nikamwambia aweke brashi chini tuzungumze. "Huyo Mungu wako anasikia?"

"Anasikia kwa masikio yako."

"Acha ushairi. Ukimwomba, anatoa?"

"Hapana."

"Anaadhibu?"

"Hapana."

"Ukifa atakupokea?"

"Siendi popote, bibie. Nipokelewe wapi?"

"Kabla ya vitu alikuwepo?"

"Ndivyo vitu."

"Sawa. Sasa chukua hadithi yako yote, kila uliposema Mungu toa, weka vitu. Kimepungua nini?"

Povu lilikuwa linamchuruzika mkononi. Nilijua nimembana na nikaendelea kumbana. "Hakijapungua chochote. Huyo hasikii, hatoi, hahukumu, hapokei. Asiyeamini anasema hakuna, wewe unasema kila kitu, na dunia mnayoishi ni ile ile moja, mawe yale yale, mavi yale yale. Tofauti yenu ni kwamba wewe umebandika bango mlangoni. Huo ni uoga. Huna Mungu na huna ujasiri wa kusema huna."

"Na wewe?" akauliza taratibu.

Hapo ikanitoka. Nilikuwa sijamwambia mtu tangu mwaka wa nne wa kazi. Nikamwambia mimi siamini chochote, nikiimba naimba hewa, na sioni aibu.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuimba vizuri. Zamani ulikuwa unakosea maneno."

Nikashikwa na hasira ambayo sikujua pa kuiweka. Miaka kumi na mitano mtu anakaa na siri yako mfukoni, anakuoshea mabuti, na hasemi. Nikamwambia basi kama anajua, na tumeona kwamba sisi ni wale wale, aiseme hiyo sentensi mtoto aolewe. Nikaisema mimi, hapo hapo, neno kwa neno, nimesimama na soksi. "Umeona? Haiumi."

"Wewe haikuumi," akasema. Akachukua brashi. "Tofauti ipo, bibie. Nikijaribu kuieleza inakuwa maneno, na kwa maneno wewe unanishinda siku zote."

Machi 23. Kina: 2.05

Nimeshinda ubishi. Nimeamka na kinyaa, sijui cha nini.

Machi 27. Kina: 2.20

Mvua. Mvua. Ukuta wa jikoni umeota ukungu. Glavu zimeota ukungu pia, ndani ya nailoni yake.

Aprili 3. Kina: 2.30

Binti amekuja kituoni wakati wa chakula cha mchana. Huwa haji, harufu inamshinda. Amesimama getini, kitambaa puani, na ameniambia nimwombe baba yake. Nikamwambia nimeomba. Akasema, "Basi mlazimishe, Mama. Wewe ndiye mwenye Mungu wa kweli pale nyumbani."

Nilitazama reki yangu. Nimemwahidi.

Aprili 9. Kina: 3.17

Naandika hili jua bado halijatua.

Mvua ilianza alfajiri na haikupumua. Saa mbili 2.40. Saa nne 2.85. Tulikuwa wawili tu, mimi na Pua, wa tatu barabara imemkatikia. Saa tano pampu zikaanza kuguruma kwa ukavu huku kisima kinajaa, na maana yake ni moja: maji hayazifikii. Kati ya kisima na pampu kuna safu ya nondo zilizosimama, zinazuia matambara yasipite. Ndizo zilizoziba. Nikapiga reki, ikarudi na kipande cheupe, kikubwa kama ngumi. Nikapiga tena, kipande kingine. Kitu kilikuwa kinachanika na hakivutiki. Saa sita 3.02. Mtaa wa bondeni ndio ungekuwa wa kwanza kurudishiwa.

"Lazima mkono," Pua akasema. Akashuka ngazi, akavaa glavu zake ndefu, akainama, akavuta. Glavu zikajaa maji, sifongo ikamteleza. Maana ilikuwa sifongo. Sifongo mpya, vipande virefu vilivyokatwa kwenye magodoro, vimevimba na kushikana kwenye nondo kwa upana wote.

Hapo ndipo mume wangu alipoingia na bakuli langu la chakula, suruali ameikunja magotini. Aliangalia ukuta, akaangalia mstari, akaweka bakuli dirishani. Nikampigia kelele asishuke. Alikuwa ameshashuka.

Akaingiza mkono mpaka begani, shavu limegeukia pembeni, karibu na yale maji kiasi ambacho sitaki kukiandika. Akashika kwa kucha. Zile zile. Likatoka bonge kubwa kama mto wa kulalia, akalirusha juu, nikalipokea. Kisha akageuka akatapika.

Nilisimama na lile bonge mkononi kama mtu aliyepigwa kofi. Akajifuta mdomo kwa bega, akaingiza mkono tena. Bonge jingine. Akatapika tena. Pua, ambaye kwake yale yote ni maji, akasema, "Mzee leo tumbo limeharibika." Mara ya tatu hakuwa na cha kutapika, akawa anakokomoka mtupu tu, macho yanamtoka machozi, na bado mkono hautoi. Nondo ilimchana kiganja. 3.15. 3.17. Nilikuwa nauangalia mstari na kumwangalia yeye.

Saa nane kasoro, pampu zikabadili sauti. 3.10. 2.95.

Nilimwosha kwa mpira wa maji nje, amesimama kwenye mvua. Nikamwuliza, "Kwani unasikia harufu?"

"Nina pua, bibie."

"Na mabuti? Kila siku?"

"Kila siku."

"Unaona kinyaa?"

"Mpaka hapa," akaonyesha kooni. "Kila jioni kinapanda, nakimeza."

Nikashindwa kuelewa. Miaka yote hii niliamini kwamba hiyo kila-kitu yake imemkata pua kama homa ilivyomkata Pua. Hilo ndilo lililokuwa likinichefua, mtu asiyechefuka. Nikamwuliza sasa kwa nini, kwa jina la akili timamu, kwa nini mikono mitupu.

Alifikiri, maji yakimtiririka kidevuni. "Kusema ua ni Mungu hakuna kazi. Mtu yeyote anasema. Kama nasema kila kitu, halafu nikifika kwenye mabuti yako navaa glavu, basi nimeshasema si kila kitu." Akakitazama kiganja chake kinavyotoka damu. "Wewe unakwenda kule kuimba. Mimi ibada yangu ndiyo hiyo ya pale bombani."

Nikakielekezea kile kiganja mpira wa maji.

Aprili 10. Kina: 2.10

Nimemfunga bendeji. Jioni ameosha mabuti kwa mkono mmoja. Nimekaa ndani nisione.

Aprili 12. Kina: 1.90

Bwana Magodoro amekuja kushukuru. Maji yalifika kidole kimoja chini ya kizingiti cha kiwanda chake yakasimama. "Mungu ametulinda," akasema, na akamkumbatia mume wangu, bendeji na yote.

Nikaenda nyuma nikaleta kile nilichokiweka. Kipande cha sifongo, na juu yake lebo ya nailoni yenye picha ya godoro, ile ile ya kwenye bahasha. Nikakiweka mezani mbele ya chai yake.

Akakitazama. "Ni mabaki ya kukata magodoro," akasema. "Tunayatupa."

"Wapi?"

"Kwenye shimo la bomba pale uani. Si linapeleka?"

Linapeleka. Mtu mzima, anasali kama redio, na hajawahi kujiuliza linapeleka wapi. Nikamwambia kituoni kuna fomu ya mambo haya, nikiijaza manispaa inafunga kiwanda, na kwamba naweza kuisahau fomu hiyo kama na yeye ataisahau sentensi yake. Nilimwambia bila kupepesa macho. Nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze.

Mume wangu akaweka ule mkono wenye bendeji juu ya wangu. "Hapana," akasema. "Binti yangu haolewi kwa sababu baba mkwe anaogopa karatasi."

Nilitegemea Bwana Magodoro atang'aka. Hakung'aka. Alikizungusha kikombe kwa muda, kisha akaongea nami, si na mume wangu.

"Mama, unadhani ni ukaidi. Mke wangu alifariki wiki moja na mwanangu mdogo. Homa moja. Nilizika Jumanne, nikazika Ijumaa. Kama Mungu ndiye kila kitu, basi ndiye ile homa. Ndiye aliyekuwa anawatafuna. Mimi nikisali, namwuliza mtu aliye nje, kwamba uliona au hukuona? Hajanijibu, lakini yupo wa kuulizwa. Mzee wako akisema ndiye meza, ananiondolea wa kumwuliza. Sasa ni heri asiyeamini kabisa. Huyo hasemi kitu juu ya homa ya mwanangu. Mzee wako anasema."

Mvua ilikuwa imeacha.

Nilimchukia Bwana Magodoro wiki nne bila taabu. Kuanzia leo itanibidi nitumie nguvu.

Aprili 13. Kina: 1.80

Nimeijaza fomu, bila masharti, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nimesikia ameshaliziba shimo mwenyewe kwa saruji.

Aprili 15. Kina: 1.60

Wakati wa kifungua kinywa mume wangu amesema, "Nitaisema."

Binti amemrukia shingoni. Nikamwuliza ni kwa ajili ya mtoto? Akasema ni kwa ajili ya mtoto, na kidogo kwa ajili ya yule mtoto mwingine, wa Ijumaa.

Nilifurahi. Naandika ukweli humu: nilifurahi, na nilimpigia pasi shati.

Aprili 20. Kina: 1.40

Amesimama mbele ya watu wote na shati lile. Miwani kwenye paji la uso, kwa hiyo hakuwa anasoma, aliikariri. Maneno kumi na tisa, moja moja, kwa sauti safi, hakukosea hata neno. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema kitu vizuri namna ile, na ile sauti naijua. Ni sauti yangu ninapoimba.

Bwana Magodoro alilia waziwazi. Mchumba alimshika binti mkono. Mimi nikaimba, na mama mmoja akanigeukia akasema leo nimeimba kuliko siku zote.

Tuliporudi nyumbani mume wangu hakula. Amelala mchana wote na viatu.

Aprili 21. Kina: 1.40

Amemimina chai. Hakusema kitu.

Aprili 24. Kina: 1.35

Amekigonga kiti cha sebuleni. Amekisukuma kwa mguu, akapita.

Aprili 28. Kina: 1.30

Nimeiambia birika ahsante mimi, asubuhi, kwa sauti, asikie. Nilitaka acheke. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyevaa nguo za marehemu wake.

Nimekuwa nikisema uongo kila wiki kwa miaka kumi na mitano na sijawahi kukosa usingizi hata siku moja. Niliona ni sifa. Leo nikivuta reki nimeelewa kwamba sikukosa usingizi kwa sababu kila nilipodanganya hapakuwa na wa kudanganywa. Watu labda, lakini watu wanapenda kudanganywa, wananisifu sauti. Yeye amesema uongo mmoja katika maisha yake na amekosana na nyumba nzima. Amekosana na kijiko. Hakuna mahali anapoweza kukaa pasipo na kitu alichokikana.

Nilimwuliza, ukitoa Mungu ukaweka vitu, kimepungua nini. Hiki hapa.

Nimejionea kinyaa leo kwa namna ambayo hata kituoni sijaikuta.

Mei 4. Kina: 1.15

Ndoa. Binti alipendeza kuliko ninavyoweza kuandika, na kijana wake alilia kabla yake. Zawadi ya Bwana Magodoro ni godoro, limefungwa nailoni. Alimshika mume wangu mkono wenye kovu akasema, "Ndugu yangu," na alimaanisha. Mume wangu akamwambia ahsante. Hiyo ndiyo ahsante pekee niliyomsikia akiitoa tangu siku ile, na aliitoa kwa mtu.

Mei 7. Kina: 1.10

Jua kali. Mvua zimekwisha. Tumerudi pale pale tulipoanzia, sentimita kwa sentimita.

Nimerudi kazini, nimevua mabuti penye bomba. Mume wangu ametoka. Amenyoosha mkono juu ya bomba, akazishusha glavu msumarini, akaichana nailoni kwa meno, akakung'uta ukungu, akavaa. Zinamfika kiwikoni, kama nilivyopima. Kisha akachuchumaa akayasugua mabuti, haraka haraka, kwa brashi tu, akayasuuza, akayaegesha ukutani. Yametakata.

"Nimevaa, bibie," akasema.

Nilitaka kumwambia azivue. Nilisimama pale na soksi zangu nikitafuta, na sikupata sababu hata moja ya kumpa ambayo mimi mwenyewe naiamini.